Mji wa Kutunzana Hauna Watumwa

Mwaka 1516 Mwingereza mmoja, Thomas More, alitoa kitabu kwa lugha ya Kilatini kueleza habari za kisiwa ambacho hakuna merikebu iliyopata kutia nanga. Akakiita Utopia, jina lililotokana na Kiyunani, na maana yake ni mahali pasipokuwapo. Tangu hapo wako mabwana ambao kila wakimsikia mwananchi akitaka mji wenye haki humwambia, "Hiyo ni Utopia," wakadhani wamekwisha kumjibu. Hawajamjibu hata kidogo. Sisi wasomaji wa Kiswahili hatutishiki kwa neno hilo, maana Shaaban Robert alitupa Kusadikika, nchi iliyo angani, mwaka 1951, na kila mwenye akili alijua kuwa habari za angani ziliwahusu watu wa chini.

Basi, ndugu, tuingie katika mji huo wa More tuone wanavyokaa. Kisiwa kina miji 54, na mji ulio mkuu ni Amaurot. Milango ya nyumba zake haina kufuli. Kila miaka 10 wenyeji hubadilishana nyumba kwa kura, asiwepo mtu wa kusema nyumba hii ni ya ukoo wangu milele. Kazi ni saa 6 kwa siku, nazo zinatosha, kwa sababu hakuna kundi la watu wanaokaa kivulini wakila jasho la wenzao. Kila familia 30 huchagua mkubwa wao, na chakula huliwa pamoja katika jumba moja. Aliyekulia chini ya balozi wa nyumba kumi hataona jambo hilo kuwa geni sana.

Lakini kinachonivutia zaidi ni habari za wagonjwa. Nje kidogo ya kuta za mji ziko hospitali 4, kila moja kubwa kama mji mdogo, ili wagonjwa wasibanane, na mwenye maradhi ya kuambukiza atengwe bila kutupwa. Wasimamizi wa vyakula wakifika sokoni, fungu la kwanza ni la wagonjwa, kama waganga walivyoagiza. Wazima hugawana kinachobaki. Halazimishwi mtu kwenda hospitali, ila karibu kila anayeugua hupenda kulala huko kuliko nyumbani kwake. Hebu tujiulize, ni wodi ngapi za kwetu ambazo mgonjwa angezipenda kuliko kitanda chake mwenyewe? Kwetu mgonjwa huletewa uji na jamaa zake, na asiye na jamaa mjini hutazama bakuli la jirani. Kwa jambo hili More ametushinda, na sioni haya kusema hivyo.

Sasa tuendelee kusoma, maana wasifu wengi wa mji huu hufunga kitabu hapo.

Nani anayechinja ng'ombe katika mji huo wa huruma? Watumwa, tena nje ya mji, kwa hoja kwamba raia akizoea kuchinja huruma yake itakufa. Nani anayefanya kazi nzito na chafu za jumba la kulia? Watumwa. Wengine ni wahalifu, wengine mateka wa vita, wengine wamenunuliwa nchi za nje walikokuwa wamehukumiwa kufa, na wako hata maskini wa kigeni waliokuja wenyewe kwa kuwa maisha ya kwao yalikuwa mabaya zaidi. Dhahabu hudharauliwa huko, hutengenezwa vyombo vya haja na minyororo ya watumwa. Watu hucheka sana wakifika mahali hapo, wakasema tazama mabwana hawa walivyoidharau dhahabu! Mimi nautazama mguu uliomo ndani ya mnyororo. Na mapishi je? Hupika wake wa kila nyumba kwa zamu. Zamu ya waume jikoni haikutajwa.

Huruma ya namna hii ni kama kanzu nyeupe ambayo mwenyewe hajui imefuliwa na mikono ya nani.

Wala More hakuwa mtu asiyeona. Katika kitabu hicho hicho aliwashutumu wakubwa wa Uingereza waliowafukuza wakulima katika mashamba ili wafuge kondoo kwa biashara ya sufu, kisha mkulima huyo akiiba kwa njaa ananyongwa. Tena zamu aliijua vizuri. Kisiwani mwake wakazi wa mijini hupelekwa shamba miaka miwili, wakarudi, wakaenda wengine. Kama zamu yafaa kwa jembe, imeshindwaje kufaa kwa ufagio na ndoo ya maji machafu?

Nasi tulipata kuchora mji wa namna yetu. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na mwaka 1976 ukatoka mpango wa mji uliotengenezwa na kampuni ya Toronto, Kanada, kwa kuifuata siasa ya ujamaa. Haukukusudiwa kuwa mji wa majumba ya kumfanya mwananchi ajione sisimizi. Ulikusudiwa kuwa mkusanyiko wa jumuiya, mtu aende kwa miguu shuleni, dukani, zahanati na kwenye basi. Ulikuwa mpango mzuri, na anayeucheka leo auchekee ukosefu wa fedha uliouchelewesha, siyo wazo lake. Mamlaka iliyousimamia ilivutana na wananchi kwa habari ya viwanja mpaka ikavunjwa mwaka 2017. Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu tangu 2016, ofisi zikajengwa, lami ikamwagwa.

Swali langu ni lile lile nililomwuliza More. Anayefagia lami hiyo kabla ya jua kutoka analala wapi? Mama lishe anayemshibisha karani saa saba mchana, siku ya kupanga miji huandikwa katika orodha ya wenyeji, au katika orodha ya uchafu wa kuondolewa? Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara katika miji yetu wakapelekwa maeneo waliyotengewa. Njia zilipitika, kweli. Lakini mara ngapi mfanya biashara mdogo amewekwa mahali ambapo mnunuzi hafiki?

Na tusiitazame serikali peke yake, maana jiko la Amaurot limo nyumbani mwetu. Msichana wa kazi huamka wa kwanza, hulala wa mwisho, huwalea watoto wa mama aliyekwenda mkutanoni kuzungumza maendeleo ya wanawake. Akiugua, husafirishwa kwao kijijini na nauli ya basi. Bwana wa nyumba hiyo ukimwuliza atakwambia kwao hakuna mtumishi, wote ni familia.

Wako watakaosema lazima awepo wa kufanya kazi chafu. Naam, lazima. Ndiyo sababu mwenye kuifanya apewe mshahara wa kumlaza mahali pa heshima, na kazi inayoweza kwenda kwa zamu iende kwa zamu, siyo siku moja ya usafi ambayo mkubwa hushika ufagio mpaka picha ipigwe.

Tunaweza kuanza na jambo moja lisilohitaji mtaalamu kutoka nje. Miji yetu bado ina viwanja karibu na hospitali na ofisi za serikali, na tunajua hupata nani. Fungu la viwanja hivyo ligawanywe kwa kura kwa wote wanaofanya kazi mahali hapo, kwa bei ambayo mshahara wa chini kabisa unaweza kuilipa kidogo kidogo. Kura ipigwe hadharani, majina yasomwe kwa sauti, la mfagia wodi na la mganga mkuu yakitoka katika chungu kimoja.