Nyama ya Soya na Heshima ya Mbaazi

Jioni ukishuka feri Likoni ukapita madukani, utaviona: vipande vikavu vya rangi ya kahawia, vyepesi mkononi. Muulize muuzaji ni nini, atakujibu bila kusita, "Nyama ya soya, mzee." Na kwa kuwa nyama ya ng'ombe haishikiki kwa bei, vipande hivyo vimeingia majikoni Kisauni na Changamwe pasi na kupiga hodi. Je, ni nyama kweli?

Asili yake ni hii. Soya hukamuliwa mafuta, kisha unga unaobaki husukumwa mashinani kwa joto na nguvu hata ukatoka na nyuzi mfano wa mnofu. Gramu 100 za vipande vikavu zina protini zipatazo gramu 50. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa ina takriban 26. Wapo washangiliao kwamba soya imeishinda nyama. La, hapo pana mtego wa mizani! Hakuna alaye soya kavu. Ukiirowesha hunywa maji kama mara mbili ya uzito wake, na zile 50 hushuka zikawa yapata 17. Hata hivyo si haba, na mafuta yake ni machache.

Lakini nyama ina mawili ya ziada. La kwanza ni madini ya chuma ambayo mwili huyapokea kwa wepesi. Ya soya huja yamefungwa. Ndimu juu ya mchuzi husaidia kuyafungua, ilhali chai ya rangi papo kwa papo huyazuia. La pili ni vitamini B12, ambayo soya haina, ila iwe imetiwa kiwandani. Mama mjamzito, au mtoto, akilishwa soya peke yake kwa kuambiwa ni nyama, upungufu wa damu waweza kumnyemelea. Hapo ndipo jina linapodhuru.

Wazee wetu hawakuhitaji jina la kuazima. Walikuwa na neno kitoweo: kila kinachoteremsha wali au sima, kiwe papa, kuku, pojo au mbaazi za nazi. Neno hilo halikumwaibisha maskini. Leo apikaye mbaazi adhuhuri huona haya mbele ya mgeni, na apikaye soya hujigamba ana nyama. Kumbe zote ni jamaa moja ya kunde, na mbaazi kavu nazo zina protini karibu gramu 21 katika kila 100!

Basi rai yangu ni hii: soya ipikwe, na iitwe soya. Itiwe dagaa au yai, ikamuliwe ndimu. Na mbaazi zirudi mezani mchana kweupe. Wahenga walinena, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Nasi tusimsingizie mwenye bucha kwa lishe tuliyoidharau wenyewe.