Msichangie pampu mpya kabla hamjaipima ya zamani



Leo siandiki habari za mbolea. Naandika nikiwa na hasira kidogo, mnisamehe. Kila mwaka mpunga ukishavunwa, watu wakiwa na hela mkononi, nasikia tangazo lile lile la mkutano: "Maji hayapandi kwenye tenki, pampu imechoka, kila kaya ilete mchango." Watu wanachanga. Pampu kubwa zaidi inanunuliwa Tunduma. Mwezi wa kumi foleni ya ndoo inarudi pale pale.

Mtaniuliza, afisa kilimo na pampu za maji wapi na wapi? Maji hayo hayo ndiyo yanayonywesha vitalu vyenu vya miche ya nyanya na kuku wenu wa kisasa. Yakikosekana mnakuja ofisini kwangu kulalamika miche imekauka. Kwa hiyo yananihusu.

Kuna kijiji sikitaji, wenyewe mnajijua. Kaya 120 zilichanga shilingi 15,000 kila moja. Hiyo ni milioni 1 na laki 8. Kuna mama aliuza debe za mpunga alizozihifadhi kwa ajili ya sare za shule ili asionekane mkaidi. Pampu mpya ikafungwa, watu wakapiga makofi. Wiki ya tatu maji kwenye tenki yakawa machache kuliko zamani. Ndipo nilipoitwa "nishauri".

Sikufungua pampu. Niliomba mambo mawili tu: bomba la kuteremsha maji kijijini lifungwe, na mtu asimame kwenye mita ya maji pale kwenye pampu akiwa na saa. Mimi nikapanda kwenye tenki na mti wa kupimia. Tenki lile lina upana wa mita 1.8, kwa hiyo kila sentimita 10 za kina ni lita 250 hivi. Baada ya saa moja mita ilisema zimepita lita 3,000. Kina kwenye tenki kilikuwa kimepanda sentimita 56, yaani lita zipatazo 1,400. Zaidi ya nusu ya maji imeondoka pampu na haikufika juu. Hapo pampu ina kosa gani?

Tulilifuata bomba kwa miguu. Penye kalavati paliungwa kwa mpira wa baiskeli, na udongo ulikuwa tope wakati mvua haijanyesha tangu Aprili. Mbele kidogo kulikuwa na tawi limefukiwa vizuri, linakwenda kwa wafyatua tofali. Tofali ni za nani? Za mjumbe wa kamati. Na pampu mpya ilizidisha hasara, maana msukumo ukiongezeka, tundu nalo linatema zaidi. Ile ya zamani fundi aliichukua kama chuma chakavu. Baadaye niliikuta kando ya mto Momba inanyonya maji kwenye bustani ya vitunguu, inanguruma vizuri kabisa.

Ndiyo maana nasema fundi anayeagiza pampu kubwa kabla hajapima chochote anafanya biashara. Na kamati inayomsikiliza bila kumuuliza swali inatumia hela ya watu gizani.

Haya, tuseme bomba la kupandisha halivuji. Rudini upande wa kunyonya. Visima vyetu vya mikono hushuka sana kati ya Agosti na Novemba. Pampu iliyokaa juu ya ardhi hainyonyi maji kwa uchawi. Inasaidiwa na uzito wa hewa, na kwa vitendo ikivuka mita 6 au 7 kwenda chini inaanza kuhangaika hata ikiwa mpya kutoka kwenye boksi. Mwezi wa tano maji yako mita 5, kila mtu anaisifu. Mwezi wa kumi yako mita 8, tunaitukana. Ukisikia ndani yake mlio kama changarawe kwenye chekeche, zima kwanza. Ishusheni pampu karibu na maji pahali pakavu, au tumieni ya kuzamisha. Farasi nguvu zaidi hapo hazisaidii, zinakula pampu tu.

Tazameni pia kama inanyonya hewa. Maji yakitoka meupe kama maziwa kisha yanatulia, kuna hewa. Chukua povu la sabuni, paka kwenye maungio ya bomba la kunyonya pampu ikiwa inafanya kazi. Palipomeza povu ndipo penye tundu. Valvu ya chini, ile mafundi wanaiita futivalvu, ipimeni hivi: zima pampu, jaza bomba la kunyonya mpaka juu, subiri dakika kumi. Maji yakishuka, valvu inavuja au imekwama na jani. Kuisafisha ni kazi ya asubuhi moja.

Umeme sitausema sana. Volti zipimwe pampu ikiwa inazunguka, si imezimwa. Inayotaka 230 ukiipa 190 kwa waya mwembamba wa mita mia mbili itazunguka kivivu na kuungua. Na kama ni ya nyaya tatu na ilianza uvivu siku ile ile fundi alipochomoa na kurudisha nyaya, huenda inazunguka kinyume. Maji yatatoka, lakini kidogo. Fundi umeme abadilishe nafasi za nyaya mbili kati ya tatu, basi. Wenye sola, pandeni mkafute vumbi.

Halafu kuna viraka. Bomba la inchi moja na nusu likipasuka, mtu anaweka kipande cha inchi moja kwa sababu ndicho kilichokuwepo dukani. Maji yale yale yakipita hapo, kila mita ya kipande hicho inakula msukumo mara saba hivi ya bomba la awali. Wauza vifaa mnaosoma hapa, msimuuzie mtu kipande hicho bila kumwambia.

Sisemi pampu haichakai. Mchanga unalamba mapangaboi yake ya ndani mpaka yanakuwa mepesi kama kisu cha zamani. Lakini hilo nalo linapimika. Funga geji kwenye bomba la kutolea, washa, funga valvu ya mbele ya geji kwa sekunde chache tu, soma, fungua. Baa moja (si ile ya pombe) ni sawa na kupandisha maji mita 10 hivi. Kibati kikisema mwisho wake ni mita 40, na maji kisimani yako mita 6 chini ya pampu, utegemee kama baa 3.4. Ukiipata, pampu ni nzima, msinisumbue. Ukisoma 2 na volti ziko sawa, hewa haiingii na haizunguki kinyume, basi imechakaa kweli, na mchango wangu utakuwa wa kwanza.

Sheria ya huduma za maji ya 2019, Na. 5, ndiyo iliyoanzisha RUWASA, na mradi wa kijiji una chombo chake cha jamii cha kuuendesha. Hela ya ndoo ni ya wananchi na hesabu yake ni haki yao. Iteni mtaalamu wa RUWASA wilaya aje kabla ya mkutano wa michango, si baada ya pampu kufungwa. Na mwendesha pampu apewe daftari la shule aandike kila siku: mita imesoma ngapi, pampu imezunguka saa ngapi, maji kisimani yako mita ngapi chini. Nimeona kamati zina mhuri, zina posho za vikao, daftari hazina.

Kwa hiyo ukiitwa mkutanoni mwezi huu, inuka uulize: mita inasoma ngapi kwa saa, na tenki linapokea ngapi? Wakikujibu "fundi amesema," kaa na elfu kumi na tano yako. Mti wa kupimia na geji vipo ofisini kwangu, njooni mviazime. Geji irudi ikiwa na kioo chake.