Ukionyesha bei, onyesha na saa

Kwenye kipindi cha wiki hii tulicheka sana na zile video za familia kubwa: watoto wamepangwa sebuleni, mifuko ya rue Neuve imejaa mezani, mama anasoma bei moja moja, kamera inashuka mpaka kwenye viatu. Na mimi nilicheka. Ila kuna kitu sikusema kwenye maikrofoni: familia moja kati ya hizo ni yetu.

Tuko watoto saba. Agosti 2025 mama alirekodi manunuzi ya shule, akaweka TikTok. Video ikasambaa. Chini yake watu wa hapa wakaandika: hizo ni pesa za kodi yetu. Eti posho ya watoto ndiyo inanunua Nike! Tangu Januari 2020, hapa Brussels kila mtoto ana kiwango chake cha msingi, na nyongeza inategemea kipato cha wazazi na wingi wa watoto. Kwetu hiyo pesa inaishia kwenye chakula na nyumba. Viatu vilitoka kwa mama, anayesafisha maofisi kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Na vingine bado tunavilipa kidogo kidogo.

Maneno ya kodi yaliniudhi. Kilichoniuma ni sauti ya mama mkubwa kwenye WhatsApp, kutoka Goma: "Tuliona video. Batoto banavaa muzuri, aksanti kwa Mungu. Lakini sisi huku, mulitusahau?" M23 walikuwa wameingia mjini mwishoni mwa Januari, benki zikafungwa, watu wakabaki na akiba wasiyoweza kuigusa. Na sisi tunawaonyesha viatu.

Najua mtasema kujionyesha hakukuanza na TikTok. Kweli. Wazee wetu walipita Matonge, pale Ixelles, wamevaa Sape kama Papa Wemba. Wenye pesa walilipa wanamuziki ili majina yao yatajwe ndani ya wimbo, yale mabanga tunayoyajua wote. Sawa, lakini aliyelipa libanga alikuwa mtu mzima, na jina lilikuwa lake. Kwenye video ya mama, sura ni ya mdogo wangu wa miaka tisa. Hakuna aliyemuuliza. Sasa darasani wenzake wanamuuliza yeye viatu ni bei gani.

Sisemi mama azime simu. Namuelewa. Mtu anayesafisha ofisi kabla wenyewe hawajafika, anataka siku moja na yeye aonekane. Ukipanda tramu na watoto saba, watu wanakuhesabia. Ile mifuko ni jibu lake kwao. Tatizo ni kwamba jibu lenyewe ni nusu: wa hapa wanaona posho, wa Goma wanaona utajiri, na kazi yake hakuna anayeiona. Halafu sisi watoto ndio tunabaki kueleza, darasani na kwenye simu.

Nikamwambia: "Mama, siku nyingine ukionyesha bei, onyesha na saa. Piga video ya basi la kwanza, la alfajiri."

Akanyamaza kidogo. "Nani ataangalia hiyo?"

Sikuwa na jibu. Nawauliza ninyi: mngeangalia?