Tabibu wa Nafsi Naye Arejee Chuoni

Kauli ya kwamba elimu haina mwisho tumeizoea mno, hata imepoteza ladha. Twaisikia katika maulidi, katika mahafali ya madrasa, hata katika mikutano ya siasa, na kila isemwapo watu hutikisa vichwa wakaenda zao. Leo nataka kuishika kauli hiyo na kuiuliza swali moja: yamhusu nani? Mtoto wa shule twamwambia kila siku asome. Je, yule aliyekwisha kusoma, akapewa shahada yake na kuitundika ukutani ndani ya kioo, naye twamwambia vivyo hivyo? Na hasa, twamwambia yule ambaye kazi yake ni kutibu nafsi za watu, yaani mwanasaikolojia na mshauri nasaha?

Ninalo jambo mahususi linalonifanya niulize. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi alitangaza kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, chapingana na Katiba. Tangu zama za ukoloni hadi siku hiyo, mtu aliyekunywa sumu akaokolewa, au aliyekatwa kamba shingoni akingali na pumzi, angeweza kutolewa hospitali akapelekwa polisi, na kutoka polisi akafungwa hata miaka miwili.

Sasa, ndugu msomaji, mfikirie mshauri aliyehitimu mwaka 2010. Alifundishwa kuwa jambo hilo ni jinai, na siku alipofundishwa ilikuwa kweli. Anajiwa na mama amemshika bintiye mkono, binti amemeza vidonge juzi akatapika. Mshauri yule, kwa nia njema kabisa, anamwambia, “Mama, haya ni mambo ya polisi.” Hapana haja ya kuniuliza mama atafanya nini. Atamrudisha mwanawe nyumbani, atafunga mlango, atasema mtoto ana homa, na pale hospitali hatapaona tena. Sisi watu wa pwani sitara twaitanguliza mbele ya dawa. Neno moja lililopitwa na wakati latosha kumkosesha binti yule tiba, na pengine uhai wake.

Wapo watakaoniambia, “Sheikh, kujiua ni haramu, jaji hawezi kukuhalalisha.” Naam, ni haramu, na jaji hakusema ni halali. Alilosema ni kwamba mgonjwa hapelekwi korokoroni. Aliyejaribu akaokoka yu hai, na mlango wa toba u wazi kwake kama ulivyo wazi kwangu na kwako. Kinachotakikana ni mtu wa kumkalisha na kumsikiliza, naye awe ajua sheria ya leo, wala si ya alipokuwa chuo kikuu.

Kumdai tabibu ilimu si jambo geni kwetu, wala hatukulipata kwa Wazungu. Waandishi wa tarekhe wamesimulia kuwa katika mwaka 931, sawa na 319 wa Hijra, mtu mmoja alifariki Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru asitibu mtu yeyote ila aliyetahiniwa na Sinan bin Thabit. Wakatahiniwa watu zaidi ya 860 katika mji mmoja. Katika hao alikuwemo mzee mmoja wa haiba, nguo safi, mazungumzo mazuri, lakini hajui kusoma wala kuandika, naye alikuwa akilisha jamaa zake kwa kazi ile. Sinan akamwachia kwa sharti kwamba asiguse ugonjwa asioujua na asivuke dawa zake nyepesi za sharubati. Kesho yake akaja kijana. Umesoma kwa nani? Kwa baba yangu. Na baba yako ni nani? Ni yule mzee wa jana! Sinan akacheka, naye akamwachia kwa sharti lile lile.

Mimi kisa hiki chanichekesha, lakini chanitisha pia. Kwani yule kijana alirithi ujuzi wa babaye pamoja na ujinga wake, na mtihani ule ulikuwa wa siku moja tu. Sisi Kenya tumefanana na Baghdad ya wakati ule. Tunayo Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwaandikisha na kuwasimamia. Ni hatua kubwa, nami naisifu. Lakini kuandikishwa ni mlango wa nyumba tu. Tangu sheria ile ipite, tumepata Sheria ya Kulinda Data ya 2019, iliyofanya habari za afya ya mtu kuwa amana ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2022 ikarekebishwa Sheria ya Afya ya Akili, ikaweka wazi haki ya mgonjwa kukubali au kukataa matibabu, na mwaka huo huo tukapata sheria mpya ya watoto. Kisha hukumu hii ya 2025. Asiyerudi darasani baada ya yote hayo anawatibu watu wa leo kwa nchi isiyokuwepo tena.

California, huko Marekani, mwanasaikolojia hapati leseni mpya ila amesoma saa 36 katika kila miaka miwili. Tangu 2023, saa nne kati ya hizo lazima ziwe za sheria na maadili ya kazi, na nne nyingine za tafauti za mila na haki za jamii. Aidha, tangu 2020 ni lazima awe amesoma angalau saa sita juu ya kupima hatari ya mtu kujiua. Huenda mtu akasema hayo ni makuu ya matajiri. Lakini California ilijifunza kwa msiba. Mwaka 1969 mwanafunzi mmoja wa Berkeley, Prosenjit Poddar, alimwambia mwanasaikolojia wake kuwa atamwua msichana. Mwanasaikolojia aliwaarifu polisi wa chuo, nao wakamshika kijana, wakamwona ana akili timamu, wakamwachia. Msichana mwenyewe, Tatiana Tarasoff, hakuambiwa na mtu, wala wazazi wake. Mwezi wa Oktoba akauawa. Kesi ikaenda hadi 1976, Mahakama Kuu ya California ilipoamua kuwa tabibu wa nafsi ana wajibu wa kumkinga mtu anayetishiwa, na siri ya mgonjwa haiwezi kuwa pazia la mauaji.

Aliyesoma fikihi hashangazwi na hukumu hiyo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alitaja mambo sita yanayoruhusu mtu kutajwa kwa aibu zake hali hayupo, na mojawapo ni kuwahadharisha watu na madhara. Ugumu hauko katika kuijua kanuni, uko katika kuipima. Ni neno lipi la hasira tu, na lipi la kisu? Unamwambia nani, kwa maneno gani, na ukiishamwambia, mgonjwa wako atarudi tena kwako? Mizani hiyo haipatikani kwa kusoma kitabu mara moja ujanani. Yataka watu wa kazi moja wakutane, waeleze yaliyowafika, wakosoane. Kwetu hiyo huitwa darsa, na masheikh wenye ndevu nyeupe huonekana wamekaa kwenye darsa na jitabu mapajani, wala hakuna anayesema wamekosa ilimu.

Ama kuhusu tiba mpya, sina haja ya kwenda mbali. Wanasaikolojia humwita anayekwenda kwao “mteja”. Nasi hapa pwani unga umetuharibia hata neno hilo, kwani ukisema teja kila mtu anajua wamkusudia nani. Kwa miaka mingi mateja wetu waliambiwa kuwa kuacha ni nia tu. Kisha dawa ya methadoni ikaanza kutolewa Mathari mwishoni mwa 2014, na mwaka 2015 ikafika Malindi. Mtu huinywa kila siku mbele ya mhudumu, arosto ikatulia, akaweza kwenda kazini. Mshauri ambaye hajajifunza habari za dawa hii aweza kumwambia kijana, “Umebadilisha ulevi kwa ulevi, iache.” Kijana akiiacha ghafla, arosto inamrudia, naye anaurudia unga. Na hapa ndipo penye mauti: mwili uliokaa mbali na unga umesahau kuustahimili, na kipimo alichokuwa akikitumia zamani sasa chaweza kumwua. Nasaha iliyotolewa kwa uchamungu imechimba kaburi.

Tena kuna swali ambalo kitabu cha Ulaya hakitamjibu. Dawa hii hunywewa kwa mdomo, kila siku. Ramadhani ikiingia, kijana aliyekwisha kutubu ataka kufunga. Afanyeje? Akila daku aipate wapi, na akikosa kuinywa mchana itakuwaje? Jambo hili ni la daktari, mshauri na sheikh kukaa meza moja kabla ya mwezi kuandama. Wakiliacha, kijana ataamua peke yake, na huenda akaamua vibaya.

Na majini je? Mgonjwa wa Lamu au wa Kisauni akisema “nina jini,” mshauri aliyetoka bara na shahada yake mpya ama atacheka, ama ataandika kwenye faili kuwa mtu huyu anasikia sauti, amekwisha. Wote wawili, aliyecheka na aliyeandika, wamempoteza. Mwenye busara atauliza: jini huyo alianza lini, alikuja baada ya jambo gani, anakuzuia nini? Humo ndani atakuta talaka, deni, au mtoto aliyezama baharini. Ahli zetu wanaoandika kombe na kusoma ruqya nao wana lao la kujifunza: wakimwona mtu hali, halali, au ashika kisu, wajue kumpeleka hospitali usiku ule ule, wala wasingoje siku saba za kombe ziishe. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslaha ya miili na nafsi, akaeleza wasiwasi na huzuni kama maradhi yenye dawa. Alikuwa Mwislamu kama sisi.

Vijana nao wamepata mshauri wa tatu, yaani simu. Usiku wa manane huizungumzia mashine inayojibu kama mtu. Mwezi wa Agosti 2025 jimbo la Illinois lilitia sheria inayokataza mashine kufanya kazi ya tabibu wa nafsi bila ya binadamu mwenye leseni. Sisi bado hatujaanza hata kulizungumza, na mshauri asiyejua mashine hiyo ni nini hatamwuliza kijana kama huitumia.

Najua watakalonijibu washauri wenyewe, nao wana haki. Mshahara mdogo, na mtu aliyeko Faza akiitwa semina Nairobi, atapanda boti, kisha basi usiku kucha, alipe malazi, na kazini asiwepo mtu wa kumshika nafasi. Basi semina zije Mombasa, Malindi na Lamu. Zifanywe kwa Kiswahili, lugha ambayo mgonjwa huilia, na serikali za kaunti zilipe, kama zinavyolipa semina za mambo mengine ambayo sitayataja leo. Kadhi aalikwe aeleze siri na toba, wakili aeleze hukumu ya 2025, muuguzi wa methadoni alete hesabu ya vipimo vyake. Na mwandika kombe mmoja, mzee anayeaminika mtaani, apewe kiti cha mbele, aulizwe na aulize.

Nasi tunaokwenda kwao, au tunaowapeleka jamaa zetu, tuwaulize kwa adabu: mwaka huu umesoma nini? Fundi wa jahazi twamuuliza kama kalafati ni mpya kabla hatujapanda.