Mti Wako Usimdhuru Jirani
Ndugu Waislamu, Buhongwa viwanja vimebanana, na mwembe wa mmoja hupasua msingi wa nyumba ya mwingine. Mwenye mti hujibu: "Ni mali yangu." Tukumbuke basi habari aliyoipokea Abu Dawud: Samura bin Jundub alikuwa na mitende katika bustani ya Answari mmoja, akimuudhi kwa kuingia humo. Mtume (s.a.w.) alimtaka aiuze, kisha abadilishane, kisha aitoe, alipokataa yote, akaamuru ing'olewe. Umiliki haukuhalalisha madhara, wala shoka halikutangulia suluhu. Ugomvi wa mti ukigeuka wa mpaka, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yanalipa Baraza la Kata siku 30 za kusuluhisha. Muumini asingoje kuitwa: akate leo kinachomdhuru jirani yake.