Nyumba za Krismasi na Dalali wa Simuni

Ikifika Desemba, utani wa nchi nzima huwa mmoja: Wachaga wamekwenda kuhesabiwa kwao Kilimanjaro. Mabasi ya Dar es Salaam huongezwa, treni iliyorejea Moshi mwaka 2019 hujaa, na barabara za kupanda Marangu, Machame na Kibosho hupitika kwa taabu. Katikati ya Januari mageti hufungwa tena. Nyumba za ghorofa mbili zilizojengwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwa jasho la Kariakoo hubaki na mlinzi, mbwa na migomba.

Ndiyo maana malalamiko ya Barcelona hayawezi kubebwa mazimamazima na kutuliwa Moshi. Juni 2024 jiji lile lilitangaza kwamba leseni 10,101 za nyumba za kupangisha watalii hazitahuishwa ifikapo Novemba 2028, kwa sababu wenyeji walikuwa wanakosa pa kuishi. New York ilikwishabana kanuni zake Septemba 2023. Huku mlimani nyumba nyingi zilikuwa tupu kabla Airbnb, mtandao wa kupangishia wageni nyumba, haujazaliwa mwaka 2008. Mwenye nyumba akimpangisha mpanda mlima chumba kilicholala miezi 11, hajamfukuza mtu. Hapo mtandao umefanya kazi ya maana, na anayeupinga kwa jumla anapinga riziki ya watu.

Mjini mambo ni mengine. Moshi ni mji wa wanafunzi: kuna Chuo Kikuu cha Ushirika (MoCU), kuna Chuo Kikuu cha Mwenge, kuna hospitali ya KCMC na wauguzi wake. Hawa hupanga vyumba Rau, Soweto na Longuo kwa shilingi. Mzungu anayesubiri kupanda Kilimanjaro hulipa kwa dola, kwa usiku. Mwenye nyumba hahitaji elimu ya juu kufanya hesabu hiyo, na hakuna wa kumlaumu kwa kuifanya. Lakini manispaa isiyojua ni nyumba ngapi zimegeuka gesti za simuni itaishtukia kodi ya chumba ikiwa imeshapaa.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye mgao. Mlima hupokea wapandaji wapatao 50,000 kwa mwaka, na wengi hutafuta siku moja ya ziada ya kuona maporomoko ya Materuni, kutwanga kahawa kwenye kinu na kuonja mbege. Safari hiyo huuzwa mtandaoni. Mtandao huchukua kamisheni yake, wakala wa mjini huchukua yake, gari hula mafuta, na mama aliyekaanga kahawa jikoni kwake hupokea kilichosalia. Nyumba ya kihambani nayo mara nyingi mwenyewe yuko Dar. Kijijini hubaki mshahara wa mlinzi na wa mfua mashuka. Tangu 2022 sheria inazitoza kampuni za kigeni za mtandaoni asilimia 2 ya mapato yanayotoka nchini. Kodi hiyo huingia Hazina, wakati barabara inayochimbwa na magari ya watalii ni ya Uru, njia ya kwenda Materuni.

Atakayesema mitandao haiguswi akumbuke teksi za mtandaoni. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliweka kikomo cha kamisheni kuwa asilimia 15, Uber ikasimamisha huduma Tanzania, na Desemba mwaka huohuo kikomo kikapandishwa hadi asilimia 25. Serikali ilirudi nyuma, ni kweli. Kwa nauli ya shilingi 10,000, kampuni ikitoza kiwango hicho, dereva anakosa 2,500. Lakini kamisheni ilizungumzwa hadharani, kwa tarakimu. Kuhusu vitanda na ziara za vijijini mazungumzo kama hayo hayasikiki.

Na ajabu ni kwamba yanakosekana Moshi, mahali ambapo hayakupaswa kukosekana! Hapa ndipo wakulima wa kahawa waliungana mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, muungano wao wa ushirika, ili vyama vya msingi viuze mavuno kwa sauti moja badala ya kila mtu kupambana na mnunuzi peke yake. KNCU imepita kwenye madeni na migogoro yake, haifai kupambwa kupita kiasi. Hata hivyo mazingira yake yanafanana na ya leo: wenye mali wengi waliotawanyika, mnunuzi wa mbali, na dalali katikati. Dalali wa sasa anaweza hata kumshusha mkulima kwenye orodha yake kwa sababu mgeni alimpa nyota mbili baada ya kunyeshewa na mvua.

Manispaa na Halmashauri ya Wilaya ya Moshi zianze na daftari: kila nyumba inayolaza wageni isajiliwe kwenye kata, na sehemu ya ushuru wake ibaki katani, isomwe kwenye mkutano wa kijiji. MoCU, chenye wataalamu wa ushirika mlangoni pa mlima, kisaidie Materuni na Marangu kuunda chama chao cha kuuza ziara na vitanda, chenye bei moja na tovuti yake. Msimu mkubwa wa kupanda huanza Juni. Daftari halihitaji mfadhili. Linaweza kufunguliwa mwezi huu.