Kabla ya Duveti, Nunua Kava ya Godoro

Wasee, tuseme ukweli. Ukihamia bedsita Nakuru ama ukipata nafasi hosteli kule Njoro, pesa ya kwanza inaenda wapi? Duveti ya maua, mito mitatu, labda na taa za rangi ukutani. Picha inatoka poa, lakini chini ya hiyo shuka godoro liko uchi. Mimi nasema kabla ya duveti, nunua kava ya godoro.

Godoro la sponji linanyonya kama sponji yoyote. Jasho, chai, mkojo wa mtoto, damu ya hedhi, vyote vinazama ndani, na godoro haliingii kwa beseni. Sasa fikiria huku kwetu Olenguruone, juu karibu na Msitu wa Mau, ambako asubuhi nyingi ni ukungu na mvua haichoki kurudi. Kama shuka tu inakaa kwa kamba siku mbili, godoro la inchi nane litakauka lini? Litashika kuvu ndani, chumba kianze kunuka.

Na si harufu tu. Kuna msichana hawezi kulala kwa watu siku za hedhi kwa sababu anaogopa kuchafua godoro la wenyewe. Kuna kijana wa miaka kumi na tatu anakojoa kitandani, na kila asubuhi godoro lake linaanikwa nje majirani wote waone. Tangu 2017 sheria ya Kenya inataka wasichana wa shule za umma wapewe sodo bila malipo, na hiyo ni poa sana, lakini sodo inaweza kuvuja usiku. Na kukojoa kitandani si uvivu wala ukaidi. Huyo kijana apelekwe kwa daktari, asiaibishwe. Kava haitibu mtu, lakini ajali ya usiku inakuwa kazi ya kufua tu, na siri inabaki ndani ya nyumba.

Unanunua gani? Kwanza, toa ile nailoni godoro lilikuja nayo. Inazuia maji, sawa, lakini inazuia jasho pia. Unaamka mgongo umelowa, na kila ukigeuka inapiga kelele. Tafuta kava ambayo juu ni pamba ama kitambaa kama cha taulo, na chini ina utando mwembamba unaozuia maji. Muombe muuzaji akuruhusu udondoshe maji kidogo juu, ngoja dakika chache, kisha upanguse chini na tishu. Tishu ikilowa, rudisha.

Pima godoro kabla ya kutoka nyumbani, na upime unene pia. Kava ya godoro la inchi sita ukiivalisha la inchi kumi, lastiki itachomoka usiku. Kama shida yako ni kunguni, chukua ya zipu inayofunika godoro lote, lakini jua wale wa kwa mbao za kitanda na nyufa za ukuta bado wanakungoja.

Utaniambia kava ni ya wenye doo. Pitia mitumba ya matandiko, utapata za pamba zenye lastiki. Hazizuii maji mengi, lakini zinafulika, na hiyo tayari ni afadhali. Kama tatizo ni baridi, tandika blanketi kuukuu chini ya shuka, kwa sababu baridi ya huku hupanda pia kutoka chini. Na kama godoro limebonyea katikati kama mtumbwi, kava haitalifufua. Hapo weka pesa kwa godoro kwanza.

Duveti wageni wataisifu. Kava hakuna atakayeiona, lakini ndiyo itakayokuwezesha kumwambia rafiki yako, "Lala hapa leo," na yeye alale bila hofu.